Kiraka cha Mkojo: Hesabu za New Zealand Kwenye Mchanga wa Mtwara

Ng'ombe anasimama. Anaacha kutafuna, anapinda mgongo kidogo, anainua mkia. Sekunde ishirini hivi, kisha anasogea hatua mbili na kuendelea na majani yake kama hakuna kilichotokea.

Ni Januari, upande wa Naliendele, Mtwara, na ardhi bado ina unyevu wa mvua ya usiku. Povu linabaki juu ya nyasi kidogo tu, halafu mchanga unalinywa lote. Wiki mbili baadaye majani ya pale yatakuwa yamekolea kijani kuliko ya jirani yake. Ukipanda juu ya kichuguu utaona malisho yote yana madoa madoa, kama kanga iliyochujuka vibaya.

Kila mchungaji anakijua kiraka hicho. Kinachosumbua ni kile kisichoonekana.

Siku hizi hakuna semina ya mifugo na tabianchi inayoisha bila kiraka hiki kutajwa: kwamba kinatoa nitrasi oksaidi, gesijoto ambayo kilo moja yake inapasha dunia joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na ambayo hukaa angani zaidi ya karne moja kabla ya kuvunjika. Hayo ni kweli. Ila takwimu zinazofuata baada ya sentensi hiyo mara nyingi zimetoka New Zealand, Uingereza au Uholanzi, ambako ng'ombe anakula majani mabichi malishoni na mvua hainyeshi kwa miezi mitano mfululizo kisha ikapotea miezi saba.

Swali lililogoma kutoka kichwani kwa wiki kadhaa ni dogo tu: hapa kwetu, mkojo huo unakwenda wapi?

## Lita mbili kwenye ungo mmoja

Ng'ombe wa maziwa hukojoa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, na kila mara hutoa lita moja na nusu mpaka mbili. Eneo linaloloa ni kama mita ya mraba 0.3, yaani duara la ungo wa kupepetea mchele.

Tuchukue chotara anayelishwa vizuri. Lita moja ya mkojo wake inaweza kuwa na gramu 8 za naitrojeni. Lita mbili ni gramu 16, na zote zimemwagwa kwenye ungo mmoja. Ukiipanua hesabu hiyo iwe hekta nzima unapata kilo 533 za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo kiraka kimepokea kiwango cha mifuko 23 kwa hekta, au mifuko tisa na ushee kwa ekari. Mwenye shamba la mahindi anayetia mfuko mmoja mpaka miwili kwa ekari anajiona amemudu.

Hakuna nyasi inayoweza kula kiasi hicho.

Mzizi ukishiba, kinachobaki ni mali ya bakteria. Lakini hesabu hii ni ya chotara aliyeshiba. Ng'ombe wa Oktoba, anayekula mabua na nyasi zilizokauka mpaka zikawa nyeupe, mkojo wake unaweza kuwa na gramu 3 au 4 tu kwa lita. Kiraka chake ni nusu ya kile cha kwanza, au chini ya hapo. Tofauti ya kwanza na New Zealand inaanzia ndani ya tumbo la mnyama, kabla hata udongo haujaguswa.

## Gunia lenye matundu

Naitrojeni ya mkojo iko zaidi katika umbo la urea, ileile ya dukani. Udongoni inavunjwa na kimeng'enya kiitwacho urease, tena haraka: ndani ya siku moja au mbili sehemu kubwa imeshakuwa amonia. Hilo ndilo tundu la kwanza. Juani, kwenye mchanga mkavu usio na mboji ya kuishika, amonia inaruka. Pua inayochomwa asubuhi kwenye banda lisilofagiwa inasikia tundu hili.

Amonia haipashi dunia joto moja kwa moja, ingawa ikitua kwingine na mvua inaweza kuanza safari upya.

Iliyosalia inageuzwa na bakteria kuwa naitraiti, kisha naitreti. Kazi hii inahitaji hewa, na katika kuifanya kiasi kidogo cha nitrasi oksaidi huvuja. Hilo ni tundu la pili, nalo ni dogo.

Tundu la tatu ndilo lenye makelele. Udongo ukilowa hata hewa ikakosa pa kupita, bakteria wengine wanaokosa oksijeni huinyofoa kutoka kwenye naitreti. Naitreti inapungua hatua kwa hatua: inakuwa nitrasi oksaidi, na mwisho inakuwa naitrojeni ya kawaida ambayo haina madhara. Nitrasi oksaidi ni kituo cha katikati. Gari likiharibikia hapo, abiria wote wanashuka hewani.

Linaharibika lini? Unyevu ukiwa wa wastani mkubwa, takriban asilimia 60 hadi 80 ya matundu ya udongo yakiwa na maji. Chini ya hapo hewa inatosha. Juu ya hapo safari humalizika mpaka naitrojeni ya kawaida. Gari huharibika pia udongo ukiwa na asidi, kwa sababu kimeng'enya cha hatua ya mwisho hakiivumilii. Suala la asidi lina sehemu yake kwenye mikoa hii ya korosho, na litarudi.

## Asilimia mbili za nani?

Mwaka 2006 jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilitoa mwongozo wa kukokotoa gesi hizi kwa nchi ambazo hazina vipimo vyake. Kwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe unaoangukia malishoni, mwongozo ulisema: chukua asilimia 2 ya naitrojeni yote, hiyo imetoka kama nitrasi oksaidi. Vipimo vingi vilivyozaa namba hiyo vilifanyika nchi za baridi.

Mwaka 2019 namba ilirekebishwa. Sehemu zenye mvua nyingi, asilimia 0.6. Sehemu kavu, asilimia 0.2.

Angalia inavyocheza. Mwongozo unakadiria kuwa ng'ombe wa maziwa wa Afrika hutoa kilo 60 za naitrojeni kwa mwaka. Zikiangukia zote malishoni, kwa namba ya 2006 anatoa nitrasi oksaidi yenye uzito sawa na kilo 515 za hewa ukaa. Kwa 0.6 ni kilo 154. Kwa 0.2 ni kilo 51 na nusu. Ng'ombe ni yuleyule, majani ni yaleyale.

Halafu kuna kichekesho kidogo. Kwa ukanda wa joto, mpaka kati ya "mvua nyingi" na "kavu" ni milimita 1,000 kwa mwaka. Mtwara na Lindi huzunguka hapo hapo, mwaka huu juu kidogo, mwaka ujao chini. Ukihesabu kwa mvua ya mwaka mmoja mmoja, kimbunga kimoja kikipita baharini kikaongeza siku mbili za mvua, hesabu ya mkoa mzima inaweza kuzidishwa mara tatu.

Na tuweke mizani sawa: metani inayotoka mdomoni mwa ng'ombe huyohuyo, kwa makadirio ya kilo 46 kwa mwaka, ni sawa na kilo 1,200 na zaidi za hewa ukaa. Anayekuja kijijini kuhubiri nitrasi oksaidi ya malishoni peke yake amebeba kikapu kidogo akaacha kikubwa.

Hapo mtu angeweza kufunga daftari. Shida ni kwamba wastani wa mwaka mzima unaficha mahali na unaficha siku.

## Mchanga na mbuga

Udongo wa kichanga wa pwani na wa uwanda wa juu wa Makonde una uzito wa takriban gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo. Udongo wa namna hiyo una nafasi tupu kama asilimia 43. Ili nafasi hizo zijae maji kwa asilimia 60 unahitaji unyevu wa asilimia 26 ya ujazo. Kichanga hakishiki kiasi hicho. Siku moja baada ya mvua kubwa kimeshashuka mpaka 15 au chini. Dirisha la hatari linafunguka kwa saa chache, kisha linafungwa.

Sasa shuka bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga kandokando ya mto Lukuledi au Ruvuma. Uzito ni gramu 1.2 hivi, nafasi tupu asilimia 55, na udongo unashika maji asilimia 40 na kitu kwa siku nyingi. Piga hesabu: matundu yamejaa kwa robo tatu. Hapo ndipo penyewe.

Kwa hiyo viraka viwili vya mkojo wa ng'ombe mmoja, umbali wa kilomita moja tu, vinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Kinachotatiza ni kwamba mbuga ndiyo akiba ya kiangazi. Kuanzia Agosti majani mabichi yako huko tu, na mifugo inashuka. Wafugaji waliohamia Kilwa na Lindi kutoka bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007 walikuja na makundi makubwa zaidi, na mabonde yakabeba mzigo ambao wenyeji, waliozoea mbung'o na ng'ombe wa kuhesabika, hawakuwa nao.

Kumwambia mfugaji asishushe ng'ombe bondeni mwezi Septemba ni kumwambia awauze. Kinachowezekana ni kuchagua siku ya kupanda: watoke mbugani katikati ya Novemba, kabla ya mvua, na si baada ya miguu kuanza kuzama. Ng'ombe akikanyaga mbuga iliyolowa anaziba matundu kwa kwato, na kile kidogo cha hewa kilichokuwepo kinakwisha.

## Ndoo, sindano na saa

Bila kupima, yote haya ni maneno. Kupima kwenyewe si uchawi, ila kuna mitego mingi.

Chombo ni ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Kwanza pete ya plastiki au bati, kipenyo cha sentimita 30 mpaka 60, inagongwa ardhini sentimita 7 hadi 10. Igongwe wiki moja kabla. Anayeigonga na kupima siku hiyohiyo anapima jeraha la udongo, mizizi iliyokatwa na hewa iliyotikiswa.

Mfuniko una urefu wa sentimita 20 hivi, na mpira wa pembeni unaobana pete. Juu kuna tundu lenye kizibo cha mpira cha kuchomea sindano, na kitundu kingine chenye mrija mwembamba mrefu ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje. Wengi huusahau mrija huo. Upepo wa kusi ukivuma, mfuniko unanyonya gesi kutoka ardhini na namba zinapaa bila sababu. Ufunike mfuniko kwa karatasi ya fedha, la sivyo jua la Mtwara litaupika na bakteria watapimwa wakiwa na homa.

Kiraka cha majaribio hutengenezwa kwa mkojo uliokusanywa asubuhi ileile kutoka kwa ng'ombe kadhaa na kuchanganywa. Chukua sampuli ya kupima naitrojeni, kisha mwaga kwa kiwango kile cha kawaida: lita mbili kwa kila mita ya mraba 0.3. Pembeni pawe na pete za maji matupu, kiasi kilekile, na pete zisizomwagiwa kitu. Bila pete za maji huwezi kujua kama gesi imetokana na naitrojeni au na kuloa tu. Pete nne kwa kila aina ndiyo chini kabisa, kwa sababu udongo hauna adabu: pete mbili zilizo hatua tatu kutoka kila moja zinaweza kupishana mara kumi.

Funika. Vuta sampuli dakika ya 0, 10, 20 na 30, kila moja mililita 20 au zaidi, uisukume kwenye kichupa kilichotolewa hewa mpaka kiwe na mgandamizo kidogo. Pima kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, joto linapokuwa karibu na wastani wa siku. Kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara tatu kwa wiki, kisha mara moja, mpaka pete za mkojo zilingane na za maji. Na mvua ikizidi milimita 10 nenda kesho yake asubuhi, hata kama ratiba haisemi. Aliyeikosa siku hiyo amekosa jaribio zima.

Vichupa vinapimwa kwenye mtambo wa kromatografia ya gesi wenye kitambuzi cha elektroni. Kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, kimejengwa kwa kazi ya namna hii. Safari ni ndefu, kwa hiyo vichupa vichache vijazwe gesi ya kiwango kinachojulikana na visafiri na vingine. Vikifika vimepungua, vyote vimepungua.

Mfano wa hesabu. Ndani ya dakika 30 kiwango kimepanda kutoka sehemu 335 kwa bilioni hadi 600. Ongezeko ni 265, yaani 530 kwa saa. Kwa mfuniko wa sentimita 20 na joto la nyuzi 30, hiyo ni kama mikrogramu 119 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa saa. Jumlisha siku zote, toa za pete za maji, gawanya kwa naitrojeni uliyomwaga. Hiyo ndiyo asilimia yako, na haikutoka kwa mtu mwingine.

## Mvua ya kwanza

Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, Kenya, alichapisha kazi kuhusu jambo ambalo wakulima wa huku walikuwa wakilijua kwa pua. Udongo uliokauka sana ukiloa ghafla, uhai unalipuka. Vijidudu vilivyokufa kwa ukame vinakuwa chakula cha vilivyosalia, mboji iliyofungwa inafunguka, na naitrojeni inaachiliwa kwa wingi ndani ya siku chache. Harufu ya udongo ya mvua ya kwanza nayo hutokana kwa sehemu na vijidudu vya udongoni.

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili. Kiangazi ni kirefu. Maana yake mkojo na kinyesi cha Juni, Julai, mpaka Novemba vimelala juu ya ardhi. Sehemu kubwa ya amonia imesharuka, ni kweli. Iliyobaki inasubiri, na majani yenyewe hayajaota ya kuila.

Halafu inanyesha.

Siku kumi za mwanzo wa Desemba zinaweza kubeba sehemu kubwa ya gesi ya mwaka mzima. Mpimaji anayekuja Machi, nyasi zikiwa zimestawi na zinanyonya kila kitu, ataondoka akisema malisho ya Mtwara ni safi. Atakuwa mkweli, na atakuwa amekosea.

## Macho yalikuwa malishoni

Kilichogeuza swali zima ni utafiti uliotoka Kenya mwaka 2020, kuhusu mazizi ya wafugaji katika nyanda kavu. Wapimaji waliacha malisho wakaweka ndoo zao kwenye zizi, na kwenye mazizi yaliyohamwa. Gesi ilikuwa ikitoka kwa kiasi ambacho malisho hayakaribii, na kwenye mahame iliendelea kutoka hata miaka 40 baada ya ng'ombe wa mwisho kuondoka.

Miaka arobaini!

Ukikaa na jambo hilo linaeleweka. Ng'ombe anatembea malishoni kwa muda wa saa nane hadi kumi, akitawanya mkojo wake hekta nzima. Kisha analala zizini kwa muda wa saa kumi na mbili, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Kilo 60 kwa mwaka ni gramu 164 kwa siku. Nusu yake, gramu 82, inaangukia zizini. Zizi lenye mita 4 za mraba kwa kila ng'ombe linapokea, kwa usiku saba tu, kiwango cha zaidi ya kilo 1,400 kwa hekta. Kiraka cha malishoni kilichoanza makala hii ni mtoto.

Dawa inayosifiwa ni zizi la kuhama: nguzo nyepesi au matete, linasogezwa juu ya shamba litakalolimwa. Ni nzuri, lakini kipimo chake kinakosewa sana. Ukiliacha mwezi mzima umehamisha tatizo tu. Panua mpaka mita 10 za mraba kwa ng'ombe, lala usiku tatu, sogeza. Hapo unapata karibu kilo 250 kwa hekta, na kwa kuwa nusu hivi itapotea kama amonia, inayobaki ni kiwango ambacho mahindi au mtama unaweza kukifaidi. Anza Oktoba, malizia kabla ya kupanda. Ng'ombe kumi wanahitaji mita 100 za mraba kila siku tatu. Kwa siku 60 wamerutubisha mita 2,000, nusu ekari.

Kwa anayefuga bandani kwa kukata na kubeba, mambo yako sakafuni. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 mpaka 3 kwa kila mita, mfereji, na pipa lenye mfuniko. Lita 10 zinazokingwa kwa siku kwa ng'ombe mmoja zinajaza pipa la lita 100 kwa siku kumi. Mkojo huo uzimuliwe kwa maji mara tatu yake, umwagwe kwenye mfereji kando ya majani ya tembo, si juu ya majani yenyewe, na ufukiwe hapohapo. Matandiko nayo: kila mwaka kabla ya korosho kuanguka watu hufagia chini ya mikorosho na kuchoma majani. Majani hayo ni matandiko ya bure. Ni magumu na hayanyonyi haraka, kwa hiyo yapondwe au yachanganywe na mabua yaliyokatwa, kilo 2 hadi 3 kwa ng'ombe kwa siku. Rundo la samadi liezekwe kwa makuti. Rundo linalonyeshewa Januari linapoteza naitrojeni juu kwa gesi na chini kwa maji, kwa wakati mmoja.

Kosa moja linajirudia: kumwaga majivu kwenye samadi mbichi ili kuua harufu. Majivu yanasukuma amonia itoke kwa kasi. Banda linanuka zaidi, na mbolea inakwisha.

## Mashudu

Lindi na Mtwara ni nchi ya ufuta. Mashudu yake yana protini karibu asilimia 40, na msimu wa kukamua yakiwa rahisi mfugaji anamwaga tu.

Ng'ombe wa kilo 350 anayetoa lita 8 anahitaji protini kama kilo 1.3 kwa siku. Majani mazuri ya tembo, kilo 7 zikihesabiwa zikiwa kavu, yanampa 0.63. Kilo 1.2 za mashudu zinaongeza 0.48. Kilo moja na nusu ya pumba za mahindi, 0.16. Amefika. Sasa mpe kilo 3 za mashudu badala ya 1.2, bila kupunguza kitu kingine: protini ya ziada ni gramu 720, ambayo ndani yake mna naitrojeni gramu 115. Maziwa hayaipokei. Inatoka na mkojo, na kwa mwaka mzima ni sawa na mifuko karibu miwili ya urea iliyopitishwa tumboni kwa bei ya mashudu.

Hata kilo 1.2 zinapotea kama tumbo halina nguvu ya kuzitumia. Bakteria wa tumboni wanahitaji wanga ili waikamate amonia, na hapa Kusini wanga upo: makopa ya muhogo. Nusu kilo mpaka kilo moja, yaliyokauka sawasawa bila ukungu, yapewe pamoja na mashudu, si asubuhi moja na jioni kingine. Yakitanguliana kwa saa nyingi hayasaidiani.

Maabara ya maziwa ikiwepo, urea ya maziwa kati ya miligramu 10 na 16 za naitrojeni kwa desilita ni sawa. Maabara isipokuwepo, inama bandani alfajiri kabla ya kufagia. Macho yakitoka machozi, punguza.

## Dawa, nyasi na salfa

New Zealand walijaribu njia ya mkato: kemikali iitwayo DCD, inayowachelewesha bakteria wa naitreti, wakainyunyiza malishoni. Ilifanya kazi. Kisha mwaka 2012 chembe zake zikaonekana kwenye unga wa maziwa, na uuzaji ukasitishwa. Kiafya kiasi kilikuwa kidogo mno, lakini mnunuzi wa maziwa hakusikiliza.

Kuna nyasi zinazofanya kazi hiyo kwa mizizi yake. Brachiaria humidicola hutoa kitu kilichopewa jina brachialactone, kilichoelezwa na watafiti mwaka 2009, ambacho hufunga mlango wa bakteria haohao. Kolombia wameona gesi ya kiraka cha mkojo ikipungua kwa zaidi ya nusu chini ya nyasi za aina hii ikilinganishwa na zisizo na uwezo huo. Ila tusiuziane mbuzi kwenye gunia. Si kila brakiaria inaweza. Mulato inayosambazwa sana iko chini, na nyasi za Guinea karibu hazina kitu. Humidicola nayo si tamu kwa ng'ombe kama wenzake. Faida yake hapa naiona mbugani, inakovumilia maji na ambako gesi ndiyo kubwa: vipande vyenye mizizi, nusu mita kwa nusu mita, vipandwe mvua ikishakolea, na mifugo isiguse mpaka msimu wa pili.

Na ile asidi. Mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ubwiri unga, na salfa inayoanguka chini ikioksidishwa udongoni inazaa asidi. Kichanga hakina cha kuizuia. Ng'ombe wanapenda kivuli cha mkorosho, wanalala hapo mchana, wanakojoa hapo. Yaani tumewapa bakteria naitrojeni nyingi na udongo mkali mahali pamoja. Hori la maji likisogezwa mbali na mikorosho, kundi linalifuata. Majivu yaliyokosewa kule kwenye samadi yanafaa hapa, yakitawanywa chini ya mti mwezi Novemba, wakati ambapo hakuna mkojo mbichi.

## Mahame

Linabaki zizi la zamani, lile lililoachwa pembeni ya kijiji, ambalo mchicha pori umelifunika mpaka kiunoni. Miaka arobaini ni mingi kusubiri.

Zizi la mita 10 kwa 10 lenye samadi ya kina cha sentimita 20 ni meta za ujazo 20, tani 10 mpaka 14. Kwa tani 5 kwa ekari linatosha ekari mbili na zaidi. Lichimbwe Novemba likiwa kavu, kwa jembe na toroli, mpaka ufikie udongo wenye rangi ya asili ya pale. Tabaka jeusi la chini lililoshikana ndilo lenye naitrojeni nyingi na ndilo watu huliacha kwa sababu ni gumu. Litawanywe na kufukiwa siku za kupanda, si wiki tatu kabla. Shimo linalobaki lisiachwe bwawa. Rudisha udongo wa juu kutoka pembeni, usawazishe mteremko maji yapite, kisha panda maboga.